Mota Inavuma Haizunguki: Kufuata Dalili za AC Mpaka Kwenye Chanzo

Wengi wetu tulianza umeme kwa betri, balbu na nyaya mbili. Hapo kichwa kikazoea: gawa volti kwa ohm upate ampea, jumlisha volti za kila kifaa upate za betri. Ukihamia AC, yaani umeme unaogeuka mwelekeo mara nyingi kwa sekunde kama ule wa nyumbani, hesabu hizo hizo zinakugomea. Nilivyoona mimi, fundi anayeanza hakwami kwa kutojua kushika bisibisi. Anakwama kwa sababu bado anausoma umeme wa AC kama wa betri. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na dalili, kisha unaishusha kila dalili mpaka kwenye somo lililorukwa.

Mifano inatumia 230 V kati ya fezi (waya unaoleta umeme) na nyutro (waya wa kurudishia), 400 V kati ya fezi na fezi, na masafa ya 50 Hz, yaani mawimbi 50 kwa sekunde. Kama kwako ni 60 Hz, nitataja pale tofauti inapouma.

Kabla ya kugusa chochote: zima, funga swichi asije mtu akawasha, kisha pima. Ijaribu mita kwanza mahali unapojua kuna umeme, pima pale unapotaka kufanya kazi, halafu irudishe kule kwa mwanzo uone kama bado inasoma. Mita iliyokufa inaonyesha sifuri sawasawa na waya usio na umeme. Na kapasita, kifaa kinachohifadhi chaji, haijui kwamba umezima. Umeme wa 230 V unafika kileleni karibu 325 V, na kapasita ya mota inaweza kubaki na chaji kubwa namna hiyo. Imwage chaji kwa rezista ya kilo-ohm 20 hivi, si kwa bisibisi.

Mita inaonyesha kitu kisichoingia akilini

Naanzia hapa kwa sababu ukikisoma kipimo vibaya, yote yanayofuata ni kubahatisha.

*Volti hazijumlishiki.* Umeunga rezista na koili kwa mfuatano kwenye chanzo cha 200 V. Rezista inasoma 120 V, koili 160 V. Jumla 280. Unapima tena, ni yale yale. Mita ni nzima. Kwenye rezista, volti na mkondo hupanda na kushuka pamoja. Kwenye koili, volti hutangulia mkondo kwa robo ya mzunguko, yaani nyuzi 90. Vilele viwili visivyofika wakati mmoja huwezi kuvijumlisha kichwa kichwa. Vinajumlishwa kama pande za pembetatu mraba: 120 mara 120 ni 14,400, 160 mara 160 ni 25,600, jumla 40,000, na kipeuo chake cha pili ni 200. Koili halisi ina ukinzani wake wa waya, kwa hiyo namba zitayumba kidogo. Ichore pembetatu hiyo kwenye karatasi, maana tutairudia.

*Ohm hazilingani na ampea.* Chukua koili ya kontakta (swichi inayovutwa na sumaku) ya 230 V, tuseme inapima 600 Ω. Kwa akili ya betri itavuta ampea 0.38. Ukiipima ikiwa kazini inavuta kama 0.04 tu. Mita ya ohm inatumia betri, kwa hiyo inaona urefu na unene wa waya, basi. Haioni kwamba kwenye AC uga wa sumaku unaobadilika muda wote unazalisha volti inayoupinga mkondo. Kizuizi hicho kinategemea masafa na chuma kilicho ndani ya koili. Ndiyo sababu mota kubwa inaweza kupima chini ya ohm moja na bado si shoti.

*Waya uliokatwa unaonyesha 70 V.* Mita za kidijitali zina ukinzani wa ndani mkubwa sana, mara nyingi megaohm 10. Waya usiounganishwa popote, ukilala sambamba na waya wenye umeme, unafanya naye kapasita ndogo, na chaji hiyo kidogo inatosha kuidanganya mita. Pachika balbu kati ya waya huo na nyutro: volti ya uongo inaporomoka papo hapo. Ikibaki, ni umeme wa kweli.

*Klampu mita inasoma sifuri na hita inachemka.* Klampu mita hupima mkondo kwa kubana waya, nawe umebana kebo nzima. Mkondo wa kwenda na wa kurudi ni sawa na una mwelekeo kinyume, sumaku zao zinafutana. Bana waya mmoja. Ila kosa hili lina faida yake: ukibana fezi na nyutro pamoja na bado klampu isome kitu, kuna mkondo unaorudi kwa njia nyingine, mara nyingi kupitia erthi. Breka ya kuzuia kuvuja kwa umeme inafanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Ile ya kulinda watu kwa kawaida hukata kwenye tofauti ya miliampea 30 au chini yake.

Mota ya fezi moja inavuma, shafti haisogei

Zima haraka. Mota iliyosimama inavuta mkondo mkubwa mara kadhaa kuliko ule wa kawaida, na harufu ya vanishi haichelewi.

Zungusha shafti kwa mkono ikiwa imezimwa. Ikiwa nzito au inakwama mahali, shida ni beringi au pampu yenyewe, weka mita chini. Ikizunguka laini, kuna jaribio la zamani la mafundi: washa, kisha sukuma feni ya nyuma kwa kijiti kikavu, kamwe si kwa kidole. Mota ikishika mbio na kuendelea, umejua mambo mawili. Waindingi kuu, yaani koili kuu ya mota, ni nzima. Upande wa kuanzishia ndio umekufa. Ukiisukuma kinyume, itakwenda kinyume, na hapo ndipo somo lilipo.

Koili moja yenye AC haitoi sumaku inayozunguka. Inatoa sumaku inayovimba na kunywea juu ya mstari ule ule mmoja. Kwa hesabu, hiyo ni sawa na sumaku mbili zinazozunguka kinyume kwa nguvu sawa. Rota (sehemu ya ndani inayozunguka) iliyosimama inavutwa na zote mbili, haina wa kumfuata. Ukiisukuma upande mmoja, sumaku ya upande huo inaishika zaidi. Waindingi ya pili pamoja na kapasita ipo ili mkondo wake utangulie wa kwanza, na hapo sumaku inaanza kuzunguka kweli.

Kwa hiyo washukiwa ni watatu. Kapasita kwanza. Iliyovimba au kuvuja haihitaji kesi. Isiyo na dalili ipime, na kama mita yako haina sehemu ya mikrofaradi, tumia mota yenyewe ikiwa inazunguka. Pima ampea zinazopita kwenye waya wa kapasita na volti kati ya miguu yake miwili. Kwa 50 Hz, mikrofaradi ni 3,183 mara ampea, gawa kwa volti. Ukisoma ampea 2 na 340 V, unapata kama 18.7. Kama juu imeandikwa 25 µF, imechoka. (Ndiyo, volti ya kapasita inaweza kuzidi ile ya laini, ni pembetatu ile ile inafanya kazi.) Kwa 60 Hz tumia 2,653.

Usiweke kapasita ya kuanzishia mahali pa ile ya kudumu. Ya kuanzishia ina mikrofaradi nyingi na imeundwa kuvumilia sekunde chache tu. Ukiiacha kwenye saketi muda wote itapasuka. Na kuongeza ukubwa "ili mota iwe na nguvu" kunaongeza mkondo wa waindingi ya pili na kuipasha moto.

Mshukiwa wa pili ni swichi iliyo ndani ya kifuniko cha nyuma, inayofunguka mota ikifika karibu robo tatu ya kasi yake. Zima mota nzima ya aina hii na uisikilize inavyopungua kasi: utasikia "tik" swichi ikijifunga tena. Isipofunga, mota inavuma haianzi. Isipofunguka, mota inaanza lakini inanguruma kama imebeba mzigo, breka inakata, kapasita inakufa. Mimi nilibadilisha kapasita mbili kwenye mota moja, ya pili ikapasuka mbele yangu, ndipo nikafungua kifuniko na kukuta sehemu za kugusana zimeungana kama zimechomelewa. Kapasita inayokufa mara ya pili ndani ya muda mfupi ina muuaji, mtafute.

Wa tatu ni waindingi ya kuanzishia yenyewe kukatika. Hapo mita ya ohm inatosha.

Kuna dalili jirani: mota inaanza kivivu, au inaanza asubuhi mzigo ukiwa mdogo na kugoma baadaye. Pima volti kwenye vituo vya mota *wakati inajaribu kuanza*. Kabla ya kuwasha utasoma 230 nzuri na utadanganyika. Nguvu ya kusokota hufuata volti mara volti: volti ikishuka hadi asilimia 80, yaani 184 V, nguvu inabaki asilimia 64. Waya mrefu na mwembamba wa kuongezea umekula volti njiani.

Mota ya fezi tatu: inavuma, inachemka, au inakata rilei ya ovalodi (kinga ya mzigo uliozidi)

Hapa sumaku inazunguka yenyewe, haihitaji kapasita. Mota ya fezi tatu inayovuma bila kuanza mara nyingi imepoteza fezi moja: fyuzi imeungua, mguu wa kontakta haugusi, skrubu imelegea. Imegeuka mota ya fezi moja isiyo na msaidizi.

Hatari zaidi ni fezi kupotea mota ikiwa tayari mbioni. Haisimami. Inaendelea, fezi mbili zilizobaki zinavuta kama mara 1.7 ya mkondo wa awali, na joto linapanda. Ukichomeka mita ya volti kwenye vituo vya mota utaona volti tatu zinazokaribiana, kwa sababu rota inayozunguka inazalisha volti kwenye waindingi iliyokosa fezi. Usiiamini. Bana klampu kwenye kila waya: mmoja utasoma sifuri.

Ikiwa mota imeshaungua, usiipeleke kuwaindiwa kabla ya kuitazama, maana koili zinasema. Mota ya muungo wa nyota (ncha moja ya kila waindingi inakutana katikati) iliyopoteza fezi huunguza fezi mbili na kuacha moja safi. Ya delta (waindingi zimeungwa kama pembetatu) huunguza moja na kuacha mbili. Zote zikiwa nyeusi sawasawa, tafuta mzigo uliozidi, volti ndogo, au feni iliyoziba kwa vumbi. Ukiiwaindi na kuirudisha bila kujua, utaiwaindi tena.

Ampea zisipolingana, tuseme 9, 9 na 12, jiulize mwenye kosa ni laini au mota. Zima, hamisha nyaya zote tatu hatua moja kwa mpangilio ule ule: A iende kwa B, B kwa C, C kwa A. Mwelekeo wa kuzunguka haubadiliki. Washa upime. Ile 12 ikibaki na waya ule ule wa laini, kosa ni la umeme unaokuja. Ikibaki na kituo kile kile cha mota, kosa ni la waindingi. Napenda jaribio hili kuliko yote, linamaliza ubishi kwa dakika 10. Na usidharau tofauti ndogo ya volti: 390, 400 na 410 ni asilimia 2.5 tu kutoka wastani, lakini tofauti ya ampea huweza kuwa mara 6 hadi 10 ya hiyo.

Mota iliyounganishwa upya na ikaungua ndani ya dakika chache: soma kibao chake. Kikiandika 230/400, kila waindingi inataka 230 V, kwa hiyo kwenye laini ya 400 inaungwa nyota. Ukiiunga delta, kila waindingi inapata 400 V. Kikiandika 400/690, inaungwa delta. Ukiiunga nyota haitaungua hapo hapo, ila nguvu yake ya kusokota inabaki theluthi moja, na itahangaika na mzigo mpaka ichemke.

Kasi nayo ni kipimo. Kasi ya sumaku kwa dakika ni 120 mara masafa, gawa kwa idadi ya ncha za sumaku: ncha 4 kwa 50 Hz ni mizunguko 1,500 kwa dakika. Rota lazima ibaki nyuma kidogo, la sivyo haitakatwa na sumaku na haitapata mkondo. Kibao kikisema 1,440 na wewe unasoma 1,380, mota imebeba kuliko inavyopaswa au volti ni ndogo. Ampea zikipanda na kushuka polepole kama pumzi huku mlio nao ukifanya hivyo, na mzigo wenyewe hauyumbi, shuku fito zilizovunjika ndani ya rota.

Inazunguka kinyume? Badilishanisha nyaya za fezi mbili zozote. Basi.

Breka inakata mara tu unapowasha: tenganisha nyaya za mota na uipime kwa mega (mita ya kupima insulesheni) ya 500 V kati ya waindingi na bodi. Chini ya megaohm 1, usiiwashe. Iliyolala kwenye unyevu inaweza kupona kwa kukaushwa taratibu, kisha uipime upya.

Taa za chumba kimoja zinang'aa mno, za kingine zimefifia

Usitafute balbu mbaya. Zima swichi kuu, nyutro imekatika.

Angalia kwa karibu. Fezi ya kwanza ina hita ya wati 1,000, fezi ya pili ina vifaa vya wati 200. Nyutro ikiwepo, kila upande unapata 230 V. Ikikatika kabla ya kugawanyika, mkondo unatoka fezi ya kwanza, unapita kwenye hita, unapita kwenye vifaa, unaingia fezi ya pili. Sasa viko kwa mfuatano kwenye 400 V. Hita ina kama ohm 53, vifaa kama 265. Mwenye ukinzani mkubwa ndiye anayechukua volti nyingi: vifaa vinapata karibu 333 V, hita inabaki na 67. Ndiyo maana hita inaonekana kufa na televisheni ndiyo inayotoa moshi. Kila ukiwasha kitu upande mmoja, taa za upande wa pili zinabadilika mwanga; hiyo ndiyo alama yake. Unganisho la nyutro likikazwa, yote yanatulia.

Kontakta inalia, au koili yake inaungua

Mkondo wa 50 Hz unapita sifuri mara 100 kwa sekunde, na kila mara sumaku inataka kuachia. Kinachozuia ni pete ndogo ya shaba iliyozamishwa kwenye uso wa chuma: inachelewesha sehemu ya sumaku ili zote zisifike sifuri pamoja. Pete ikivunjika, kontakta inapiga kelele kama nyuki. Vumbi au kutu kati ya nyuso mbili za chuma hufanya hivyo pia, kwa hiyo safisha kwanza.

Koili inayoungua kila mara, rudi kwenye zile ohm 600. Chuma kikiwa wazi, kizuizi cha koili ni kidogo na mkondo unaweza kuwa mara 5 hadi 10 ya ule wa kushikilia. Kwa kawaida hilo ni kufumba na kufumbua. Chuma kikikwama nusu njia, au volti ikiwa ndogo isiweze kukivuta, mkondo mkubwa unadumu na koili inakaangika. Unabadilisha koili tatu na kosa ni kipande cha plastiki kilichonasa.

Transfoma inakata fyuzi, lakini si kila mara

Jana iliwaka vizuri, leo imekata, kesho itawaka. Hiyo si bahati. Ukiwasha hasa wakati wimbi la volti likipita sifuri, sumaku ndani ya chuma inalazimika kufika karibu mara mbili ya kilele chake, chuma kinashiba, na mkondo unaruka kwa mizunguko michache. Ukiwasha wimbi likiwa kileleni, kimya. Weka fyuzi ya kuchelewa, si kubwa zaidi.

Mvumo wa 100 Hz ni wa kawaida. Transfoma iliyotengenezwa kwa 60 Hz pekee ikiwekwa kwenye 50 Hz kwa volti zile zile inabeba sumaku asilimia 20 zaidi; itavuma na kuchemka hata bila mzigo.

Ampea nyingi, wati chache

Klampu inasoma ampea 8 kwenye 230 V, unazidisha unapata 1,840. Mita ya wati inasema 1,100. Hakuna anayeiba. Pembetatu tena: 1,100 ni upande wa kazi, 1,475 ni upande wa sumaku unaokwenda na kurudi, 1,840 ni mshazari. Pawa fakta, yaani upande wa kazi gawa kwa mshazari, ni 0.6. Kapasita ikiungwa sambamba na mota, ampea za laini zinashuka. Ukibana klampu baada ya kapasita, kwenye waya wa mota wenyewe, zitabaki 8 zile zile, na wanafunzi wengi hudhani kapasita ni mbovu. Mota bado inahitaji sumaku yake, sasa inakopa kwa jirani.

Jenereta inanguruma, volti hakuna

Pima bila mzigo. Ukipata volti 2 hadi 5, mashine ni nzima ila haijajiamsha: inategemea masalia ya sumaku kwenye chuma, na yamedhoofika, mara nyingi kwa kukaa muda mrefu. Tenganisha kidhibiti cha volti, gusisha betri ya 12 V kwenye waindingi ya uga kwa sekunde moja au mbili ukizingatia chanya na hasi, kisha rudisha nyaya. Ukipata sifuri kabisa, tafuta waya uliokatika au brashi zilizoisha.

Volti zikiwa nzuri bila mzigo na kuanguka ukiweka mzigo, angalia hertz kabla ya kufungua chochote. Jenereta ya ncha 2 inatoa 50 Hz kwa mizunguko 3,000. Ikishuka hadi 2,700 utasoma 45. Hertz zikianguka pamoja na volti, mwenye kosa ni injini: mafuta, chujio, gavana (kidhibiti kasi). Hertz zikisimama na volti zikaanguka peke yake, ndipo ufungue upande wa umeme, uanze na diodi za rota, kisha kidhibiti.